Bendera nyekundu ya Pwani: ilikuwa ya nani?

Uzi. Haya ni mazungumzo niliyoyatoa hapa Tiwi mbele ya wazee, kina mama na vijana. Nimeyaandika karibu sawa na nilivyoyasema, nikapunguza marudio tu. Sheria ya ukurasa huu mwaijua: mwanasiasa hatajwi, chama hakitajwi. Tunachambua hoja, watu tunawaachia wenyewe.

Asalaam aleikum, na kwa wasiosalimiana hivyo, hamjambo. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana wa boda mliozima pikipiki mkaja kukaa, asanteni.

Nimeambiwa nizungumze juu ya bendera, na sababu mnaijua. Msimu wa kura ukikaribia tu, kuna mheshimiwa atapanda jukwaani aseme Pwani ilikuwa na bendera yake, nyekundu, ikashushwa kwa hila, na siku moja itarudi. Watu wanapiga makofi. Halafu mheshimiwa mwengine, wa upande wa pili, anasema hakuna kitu kama hicho, Pwani ni Kenya tangu jadi, anayesema vyengine ni mchochezi na akamatwe. Na huyo pia anapigiwa makofi. Nyumbani vijana wanatumiana picha za bendera kwenye simu na kutukanana usiku kucha. Mimi naona wote wawili wanatuuzia nusu ya samaki, na kila mmoja anaapa nusu yake ndiyo samaki mzima.

Bendera nyekundu ilikuwepo. Hilo ni kweli, na asiwadanganye mtu. Kitambaa chekundu kitupu, hakina nyota, hakina maandishi. Ilikuja na ukoo wa Busaidi kutoka Oman. Sayyid Said alipoishinda Mombasa kwa Wamazrui mwaka 1837, ndipo ilipotulia Ngomeni, pale Fort Jesus. Alipokufa mwaka 1856 wanawe wakagombea urithi, Muingereza akawaamua mwaka 1861: Oman kivyake, Zanzibar kivyake. Bendera ikabaki nyekundu huku na huku. Waomani waliibadilisha mwaka 1970, wakaongeza nyeupe, kijani na jambia.

Lakini hata kabla ya hapo, mlingoti wa Ngomeni ulishaona mengi. Mreno alipandisha yake. Muomani akamtoa mwaka 1698. Na hili wengi hawalijui: mwaka 1824 Wamazrui wenyewe waliikaribisha bendera ya Muingereza Mombasa, kwa hiari yao, ili Sayyid Said asiwavamie. Ikakaa kama miaka miwili, London wakasema hawaitaki shughuli hiyo, mwaka 1826 ikashushwa. Sasa anayekwambia "bendera yetu ya asili", muulize kwa upole: ya mwaka gani?

Twende kwenye mkataba, maana ndipo ugomvi ulipo.

Mwaka 1886 Mjerumani na Muingereza walikubaliana eneo la Sultani huku bara liishie wapi. Wakasema maili kumi kutoka ufuoni. Ni maili za baharini, kwa hivyo ni kama kilomita 18 na nusu. Mwaka 1890 Mjerumani akainunua sehemu ya kusini, ambayo leo ni pwani ya Tanzania, kwa mark milioni nne. Sehemu yetu haikuuzwa. Tarehe 14 Desemba 1895 Sultani alimkabidhi Muingereza utawala wake, kwa kodi ya paundi 11,000 kila mwaka, lakini enzi ikabaki ya Sultani. Ndiyo maana bendera yake haikushushwa. Ile nyekundu ilikuwa kama risiti ya mwenye nyumba iliyobandikwa ukutani: mpangaji anakaa, anapaka rangi, anafukuza watu, lakini risiti inasema nyumba si yake.

(Paundi 11,000, kutoka Vanga mpaka Kipini. Wallahi leo hazikununulii ploti ya mbele ya bahari pale Diani.)

Mwaka 1920 sehemu ya bara ikawa Koloni la Kenya, na huku kwetu kukaitwa Himaya ya Kenya. Majina mawili, sheria mbili kwenye karatasi, gavana mmoja. Bendera ya koloni ilikuwa ya buluu, ina ya Muingereza kwenye pembe na simba mwekundu. Huku kulikuwa na liwali, kulikuwa na mudiri, kulikuwa na kadhi, na Ngomeni kulikuwa na kile kitambaa chekundu. Kwa hivyo yule mheshimiwa wa pili, anayesema Pwani ni Kenya "tangu jadi", naye hajasoma. Kisheria, mpaka usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, hapa tulipokaa palikuwa nchi ya Sultani wa Zanzibar iliyokuwa ikitawaliwa na mtu mwengine. Kulisema hilo si uchochezi, ni historia. Mtoto wa shule akiandika hivyo apewe alama zake.

Sasa hebu tuuchore ule mstari wa maili kumi hapa hapa Kwale. Tiwi iko ndani. Diani ndani. Gazi, Msambweni, Vanga, ndani. Kinango iko nje. Samburu iko nje. Kaunti moja, lakini mstari unapita katikati kama waya wa kuanikia nguo. Kijana wa Kiduruma wa Kinango anayeimba "Pwani si Kenya", kwa mkataba uleule anaoutaja, kwao kulikuwa Koloni la Kenya kabisa. Hapa watu walicheka, na mzee mmoja wa Kiduruma akacheka zaidi ya wote. Lakini fikirini. Mtu yuko Tiwi, shangazi yake kaolewa Ndavaya. Walioweka mstari hawakuuliza nani ni shangazi ya nani. Walihesabu maili wakiwa Ulaya.

Uhuru ulipokaribia, swali likawa: ukanda huu uende wapi? Kulikuwa na watu wa Mwambao, waliotaka Pwani ijitawale au irudi kwa Sultani. Kulikuwa na waliotaka kuungana na Kenya. Kulikuwa na waliotaka majimbo. Mwaka 1961 Muingereza na Sultani walimtuma kamishna, Sir James Robertson, akasikiliza watu, akapendekeza Pwani iunganishwe na Kenya, ila Waislamu na mahakama za kadhi zihakikishiwe nafasi yao. Mwaka 1962 wakakutana London kulijadili. Ila kura ya maoni haikupigwa. Mdigo wa Tiwi hakupewa karatasi akaulizwa: unataka bendera ipi? Kinyongo hicho kina haki yake, na mimi siwezi kumwambia mtu akimeze.

Tarehe 8 Oktoba 1963 mkataba ukatiwa saini London. Pande nne: Uingereza, Sultani, serikali ya Kenya na serikali ya Zanzibar. Sultani akaachia enzi yake, ukanda ukawa sehemu ya Kenya siku Kenya itakapopata uhuru, na mkataba wa 1895 ukafa.

Hapo ndipo inapoingia ile hadithi ya miaka hamsini. Mwaisikia: "Tulikodishwa Kenya miaka hamsini, ikaisha 2013, turudishiwe chetu." Wengine wanasema miaka 99. Jamani, ule mkataba hauna miaka. Hakuna hamsini, hakuna 99. Hauna neno la kukodisha hata kidogo. Kodi ilikuwa ule wa 1895, na mpangaji alikuwa Muingereza. Mkataba wa 1963 ni wa kuachia moja kwa moja. Unaweza kusema ulikuwa wa dhuluma, unaweza kusema waliosaini hawakuwa na idhini yako, sawa, hiyo ni hoja na mtu ajibiwe. Lakini ukisema umeisha muda wake unajitia aibu mbele ya mtu aliyeusoma, na yule mheshimiwa wa pili atakucheka kwa haki.

Kilichoandikwa kweli ni ahadi, na ahadi ziko kwenye barua za Oktoba 1963 kati ya Waziri Mkuu wa Kenya na mwenzake wa Zanzibar. Uhuru wa dini na majengo yake. Mahakama za kadhi zidumu. Maofisa wa serikali katika sehemu zenye Waislamu wengi wawe Waislamu kadiri itakavyowezekana. Watoto wa Kiislamu wafunzwe Kiarabu kadiri itakavyowezekana, na shule zao za msingi zisinyimwe ruzuku. Na ya tano, ambayo watu huiruka, nitairudia baadaye.

Ya kadhi imetimizwa, iko kwenye Katiba ya 2010, kifungu cha 170. Zile za "kadiri itakavyowezekana", nyinyi mwajua wenyewe zimewezekana kiasi gani.

Sasa, tuseme mheshimiwa wa kwanza ashinde, bendera nyekundu ipandishwe kesho. Ni ya nani? Zanzibar ilipopata uhuru tarehe 10 Desemba 1963 iliongeza duara la kijani na karafuu mbili katikati ya ile nyekundu. Bendera hiyo ilipepea mwezi mmoja na siku mbili. Tarehe 12 Januari 1964 yakaja Mapinduzi, Sultani akakimbia kwa meli, akaishi miaka mingi Portsmouth, Uingereza, na alikubaliwa kuhamia Oman mwaka 2020 tu, akiwa mzee sana. Zanzibar wenyewe walishaikunja. Wakaleta buluu, nyeusi na kijani, wakaungana na Tanganyika mwezi wa Aprili, na Januari 2005 wakairudisha buluu, nyeusi na kijani yao, na bendera ya Muungano ikawekwa kwenye pembe. Kwa hivyo ukimpelekea mwenye nyumba risiti yake, mwenye nyumba hayupo, na nyumba yake nyengine aliporwa mwezi mmoja baada ya kukuachia hii.

Na kuna jambo hatulisemi kwa sauti kwa sababu ya heshima za watu. Chini ya bendera nyekundu kulikuwa na utumwa. Kule Zanzibar na Pemba sheria ya kuutambua ilifutwa 1897. Huku Pwani ya Kenya ilifutwa 1907. Miaka kumi nyuma! Kulikuwa na mashamba ya minazi Gazi na Msambweni yaliyolimwa na watu wasiolipwa, na wajukuu wao wako, wengine wamekaa hapa leo, hatuwatambui na hawajitambulishi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akiona bendera nyekundu ya mzimu imefungwa kwenye mti pangani, hana neno, anapita. Ukimtajia bendera nyekundu ya liwali ananyamaza. Rangi ni moja, kitambaa ni kimoja. Wazee wetu wa kaya walikuwa na makao yao, viapo vyao na vitambaa vyao, na Sultani hakuwachagua wala wao hawakumchagua. Leo mtu aje amwambie Mdigo kwamba bendera ya Sultani ndiyo utambulisho wake! Labda ni utambulisho wa baadhi yetu. Waseme hivyo basi: baadhi yetu.

Hii ya Kenya nayo ina maneno yake. Nyeusi ni watu, nyekundu ni damu iliyomwagika, kijani ni ardhi, na ile mistari miembamba meupe ni amani. Nyeusi, nyekundu na kijani zilitoka kwenye bendera ya chama kilichoshinda uchaguzi wa 1963, na nyeupe ikaongezwa. Katikati kuna ngao ya Kimasai na mikuki miwili. Kijana mmoja aliniuliza mbona hakuna uta, na sisi mababu zetu walijulikana kwa uta na mishale. Nilimwambia amenishinda. Ila bendera haiwezi kubeba silaha za kila kabila, ingekuwa ghala.

Wenzetu wa Afrika Magharibi wamelipitia hili. Benin walianza na kijani, manjano na nyekundu. Mwaka 1975 serikali ya kimapinduzi ikaleta ya kijani yenye nyota nyekundu na jina jipya la nchi. Mwaka 1990 wakairudisha ile ya kwanza, jina jipya wakabaki nalo. Ghana walibadilisha rangi moja mwaka 1964, wakairudisha 1966. Ukitaka kujua mabadiliko kama hayo yalimfikia nani, usiangalie mlingoti, angalia nani ana hati ya shamba kabla na nani anayo baada.

Na hapo ndipo narudi kwenye ile ahadi ya tano.

Ahadi ya tano ya 1963 inasema hivi kwa maana yake: hati za kumiliki ardhi zilizokwisha kusajiliwa Pwani zitaheshimiwa wakati wote, na ardhi hiyo ikichukuliwa kwa manufaa ya umma basi mwenye hati alipwe fidia kamili. Ni ahadi nzuri, si ndiyo? Sasa jiulizeni mwaka 1963 nani alikuwa na hati Tiwi.

Mwaka 1908 serikali ya Muingereza ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa ukanda huu. Mwenye dai aje aseme, aandikishwe, apewe. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Mfalme. Waliojua habari hizo walikuwa wenye kusoma, wenye mawakili, wenye jamaa afisini: Waarabu, baadhi ya Waswahili wa mijini, Wahindi, Wazungu. Mdigo aliyekuwa akilima muhogo na kupanda minazi aliona shamba ni la mbari yake, mjomba alilima, babu alizikwa pale, aende kumwambia nani? Mwisho wa habari, shamba la babu likawa la Mfalme au la bwana fulani wa Mombasa. Uhuru ulipokuja, ardhi ya Mfalme ikawa ya serikali. Ploti za mbele ya bahari zikaanza kugawiwa watu ambao hapa hatukuwahi kuwaona hata wakinunua maandazi. Na walio na minazi wakabaki na minazi, bila ya ardhi iliyo chini ya minazi. Nchi nyengine ukiwaelezea kwamba mtu anamiliki mti na mwenzake anamiliki mchanga, watakuona una homa.

Kwa hivyo mheshimiwa anaposema "turudi kwenye mkataba wa Sultani", anatuomba tuidai ile karatasi inayomlinda mwenye hati dhidi ya skwota. Skwota ni nani? Ni sisi. Sijui kama mwenyewe ameliona hilo. Kama ameliona na bado anasema, basi ni jambo jengine. Na yule wa pili, anayesema Pwani ni Kenya na yamekwisha, naye anapenda mjadala ubaki kwenye kitambaa, maana ukihama kwenye kitambaa utafika kwenye ufuo, na ufuoni kuna majina.

Angalieni lililotupita tukiwa kwenye vita vya bendera. Katiba ya 2010 iliipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria za ardhi. Sheria ya mwaka 2016 ikaweka muda: madai yaletwe ndani ya miaka mitano. Miaka mitano ikaisha 2021. Wangapi hapa walipeleka? Niliuliza, mikono ikainuka mitatu. Watu watatu katika umati ule! Na picha za bendera nyekundu kila mtu anazo kwenye simu.

Kwa hivyo mheshimiwa yeyote akija hapa, wa rangi yoyote, mimi swali langu litakuwa moja: ukiwa Bungeni umefanya nini juu ya huo muda wa madai? Akianza na Sultani, mrudisheni kwenye swali. Akianza na umoja wa taifa, mrudisheni.

Maswali yalikuwa mengi, nitaweka mawili tu.

Kijana wa boda aliuliza: nikiifunga ile nyekundu kwenye pikipiki yangu nitashikwa? Nilimjibu kwamba sheria ya bendera ya taifa, sura ya 99, inailinda bendera ya taifa na kusema nani anaruhusiwa kuipeperusha kwenye gari, na pikipiki yake haimo. Kitambaa chekundu kitupu haikitaji. Kusema Pwani ilikuwa ya Sultani si kosa. Hata lile kundi lililopigwa marufuku mwaka 2010 kwa kutaka Pwani ijitenge, Mahakama Kuu ya Mombasa iliiondoa marufuku hiyo mwaka 2012. Lakini kujua haki yako na kuielezea saa nne usiku kwenye kizuizi cha polisi ni mambo mawili. Na ukitaka bendera ya kwenu halali, sheria ya serikali za kaunti ya 2012 imeipa kila kaunti ruhusa ya kuwa na bendera yake, mradi isifanane na ya taifa. Kwale tunayo. Wangapi mnaweza kuichora? Kimya.

La pili liliulizwa na mama mmoja wa makamo, alikuwa amesimama nyuma muda wote. Alisema: mimi sina bendera, nina minazi kumi na saba na kaburi la baba yangu, na kuna mtu amekuja na hati. Nifanye nini?

Nilimwambia asiuze mnazi hata mmoja wala asitie kidole kwenye karatasi ya mtu. Apige picha makaburi na miti. Awatafute wazee wawili watatu waliomuona baba yake akilima pale, waandike na watie saini wangali hai. Aende afisi ya usajili wa ardhi Kwale aombe upekuzi wa nambari ya ploti ile, ajue hati ni ya mwaka gani na ilitoka kwa nani. Kisha atafute mawakili wanaosaidia bure, au aje kwangu tutafute pamoja. Wakati ninaandika uzi huu, picha za makaburi zimeshafika kwenye simu yangu, na wazee wawili wamekubali. Wa tatu anatafutwa Ukunda.